Mkuu wa Idara ya Anga za Juu, Rarotonga

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Bwana Pratt, bosi wetu, aliyekuja hapa kisiwani, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa likizo ya wiki mbili miaka ishirini iliyopita, katangaza kwamba kampuni yetu ya mawakili itafungua tovuti mpya. Kila idara itakuwa na ukurasa wake. Kila ukurasa utakuwa na picha ya mkuu wake. Picha! Nikakaa wima. Nikageuza shavu la kushoto, lile zuri.

Akasoma orodha. Amana, yaani mali za madaktari wa mbali wasiopenda wake zao wa zamani wazione: kapewa Upokoina, aliyerudi juzi tu kutoka Auckland na viatu vinavyolia kama kuku. Makampuni, yale elfu moja na mia mbili yanayoishi kwenye kabati moja la chuma karibu na choo, hayali, hayalali, hayaendi kanisani: kapewa mwingine. Meli, zile zenye bendera yetu ambazo hazijawahi kuiona bandari yetu: mwingine. Benki, Bima, Migogoro, wengine. Mwisho Ardhi, ya mzee wetu Papa Metuakore. Chumba cha nyuma, feni mbovu, wateja wanaoleta magimbi badala ya ada.

Na mimi? Miaka kumi na moja hapa! Bosi akasema, "Tangi, wewe utasaidia kila mahali."

Kusaidia kila mahali ni kazi ya chumvi. Sijaona mtu akiipiga chumvi picha.

Ubaya ni kwamba jana kanisani nilishamwambia mama mkwe kwamba nimekuwa mkuu wa idara. Akawatangazia wanakwaya. Wakaimba.

Nikauliza, je, mtu akianzisha idara mpya? Bosi akacheka, akasema niilete ikiwa na mteja, hata mmoja, kabla mpiga picha hajaja Ijumaa. Upokoina akakohoa. Sijawahi kusikia kikohozi chenye meno namna ile.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Wazo limenishukia nikiwa chali uani, nikikwepa kukata nyasi. Juu yangu, mbingu. Kubwa, safi, haina mkuu wa idara!

Sheria ya Anga za Juu. Setilaiti, roketi, vyuma vinavyoanguka. Nani ofisini anavijua? Hakuna. Nami sivijui, kwa hiyo tumeanza sawa, ila mimi nimeanza mapema.

Mke wangu Ngavaine kasema kabla ya kushughulikia anga nimalizie nyasi za duniani. Wanawake wa watu wakubwa hujaribiwa sana.

Nimebandika kibao mlangoni, pale ninapokaa pamoja na mashine ya fotokopi. Upokoina akapita, akauliza kwa adabu zote kama nitawatetea wanaorusha vyuma au wanaoangukiwa. Nikamjibu nitawatetea wote. Akasema hapo ndipo sheria inaponikataza. Nikajifanya nina simu.

Barua pepe thelathini na nne zimetumwa dunia nzima.

Jumatano, 6 Machi

Jibu! Chama cha Setilaiti cha Timaru, kule New Zealand. Wana setilaiti iko tayari na wanatafuta nchi ya kuiandikisha. Wanataka tuongee kwa simu kesho saa nne kamili. Nimetembea ofisini nikiwa na karatasi hiyo mkononi mpaka kila mtu kaniuliza ni nini. Wengine nimewalazimisha kuuliza.

Kisha balaa. Papa Metuakore kakwama kisiwa jirani cha Aitutaki, ndege imeharibika. Bosi kanitupia faili la Mama Tereapii: kesi ya ardhi, kesho saa tatu. Nikasema nina mteja wa anga. Akasema, "Nenda ukaseme 'Naomba kesi hii iahirishwe.' Maneno manne, Tangi. Hata wewe utayaweza."

Mchana Mama Tereapii mwenyewe kaja, na magimbi, kofia ya kanisani kichwani. Kisa chake: mpwa wake Turangi anataka kuikodisha ardhi ya ukoo kwa hoteli, miaka sitini. Juu ya ardhi hiyo ipo nyumba ya mama huyu, na mbele ya nyumba lipo kaburi la mumewe. Turangi ana karatasi kwamba ukoo ulikutana Agosti iliyopita na kukubali. Mama anasema hakuna mkutano aliouona.

Nikamtuliza, nikamwambia tutaomba iahirishwe. Akaniangalia kama mtu anayeangalia samaki wa juzi. "Mwanangu, jaji anatoka ng'ambo. Akiondoka harudi mpaka Septemba. Ikifika Septemba, Turangi atakuwa ameshachimba bwawa la kuogelea juu ya mume wangu."

Nikasema sheria ina mwendo wake. Kusema kweli nilikuwa nawaza setilaiti.

Alhamisi, 7 Machi

Siku gani hii!

Nimefika mahakamani saa tatu kasoro dakika moja. Nikasimama, nikasema, "Naomba kesi—" Mama Tereapii akanifinya kiunoni. Mkono wa mtu aliyefua nguo na kushona mapazia ya kanisa miaka sitini! Sauti ikakatika. Jaji akauliza naomba nini. Nikafungua faili nipate pa kujishikiza. Picha ya roketi. Nilibeba faili la anga; la mama limebaki juu ya fotokopi.

Jaji akasubiri. Ukumbi ukasubiri. Jogoo mmoja dirishani naye akasubiri.

Nikasema, "Mheshimiwa, mteja wangu atajieleza mwenyewe."

Akasimama. Akaanza na babu aliyekuja na mtumbwi. Saa tatu na nusu bado tupo kwa bibi wa bibi yake. Nikamnong'oneza afupishe. Akasema kwa sauti, "Kaa chini, Tangi. Ukoo haufupishwi." Jaji akacheka! Nikakaa. Saa ya ukutani ikinikimbia.

Halafu akaomba ile karatasi ya mkutano. Akapitisha kidole kwenye sahihi, moja moja. Kidole kikasimama.

"Turangi, Iotia alikuwepo mkutanoni?"

Turangi akasema ndiyo, shangazi, alikaa karibu na mlango.

"Agosti iliyopita?"

Hiyohiyo.

"Iotia tulimzika Pasaka ya mwaka juzi. Wewe ulibeba jeneza, upande wa miguu. Ukaliangusha."

Ukumbi ulilipuka. Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Turangi kwa muda mrefu. Turangi akatazama jogoo. Mkataba wa hoteli umetupwa. Nyumba ni ya mama, kaburi limesalimika, na Turangi ataeleza polisi jinsi marehemu anavyotia sahihi.

Nje watu wakalia, wakaimba. Mama akanivisha shada la maua, akanishika mashavu. "Mwanangu, wewe umesimama tu. Lakini umesimama vizuri."

Kitu kikanitembea kifuani. Nadhani njaa.

Saa nne na nusu! Nimekimbia hadi ofisini na maua shingoni, nikapiga simu Timaru. Akapokea mwenyekiti, Mzee Colin, umri miaka themanini na moja. Wanachama tisa, wote wastaafu wa kampuni ya simu. Setilaiti yenyewe ukubwa wake ni sawa na mkate mmoja, ipo gereji, inasubiri mtu mwenye nafasi kwenye roketi yake. Lakini mteja ni mteja!

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kaniita. Kisiwa kizima kinaongea habari za Mama Tereapii. Asubuhi hii watu kumi na tisa wamepanga foleni wakitaka "yule wakili anayejua kunyamaza." Papa Metuakore anastaafu na kanipendekeza mimi. Mkuu wa Ardhi. Ukurasa, picha, chumba.

Chumba cha nyuma! Mimi, mtu wa anga!

Nikakataa. Nikatoa hotuba fupi juu ya upeo wa macho. Bosi akauliza mara tatu kama nina uhakika. Nikasema sijawahi kuwa na uhakika zaidi.

Upokoina akaomba apewe yeye, aiache Amana. Eti amechoka na wateja wasio na sura. Mjinga! Nusura nimhurumie.

Mpiga picha akaniambia nitazame juu, kama mtu wa nyota. Nikatazama.

Jumatatu, 11 Machi

Tovuti imefunguliwa. Ukurasa wa Ardhi una Upokoina katikati ya ukoo wa watu arobaini, na nguruwe wa kuoka mbele yao. Wangu una kidevu na matundu mawili ya pua. Mama mkwe kapiga simu kuuliza ni pango gani.

Mzee Colin kaandika. Wamegundua fomu ya kuandikisha kwao New Zealand wanaweza kuijaza wenyewe. Kanishukuru kwa mazungumzo. Bosi kasema ukurasa wangu unaondolewa Jumatano.

Papa Metuakore kaja kuaga. Kanikuta nimekaa kimya, akadhani natafakari makosa yangu, akanipigapiga bega. Nilikuwa natazama kalenda. Leo hapa ni Jumatatu. Auckland, ng'ambo ya mstari wa tarehe, tayari ni Jumanne. Mtu wa Auckland aliyechelewa kutia sahihi mkataba wake jana, akija kwetu bado hajachelewa! Utajiri ulioje, na hakuna aliyeuona!

Sheria ya Jana. Kibao kimeshabandikwa.

Upokoina kapita na viatu vyake, kasoma, kauliza idara hiyo inaanza lini.

Nimemwambia ilianza jana.