Mpira Ulianguka Ndani

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Nimeona filamu ya Kijapani. Aliyeamka asubuhi kitandani mwangu na anayeandika haya si mtu mmoja.

Ilionyeshwa saa nane mchana kwa sababu ya kafyu. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi ya jeshi. Joto kama tanuri. Watoto wawili walizimia, wakatolewa nje, wakarudi.

Wasichana wawili wa kiwanda cha nguo. Wamekua pamoja, wanalala chumba kimoja, wanacheza mpira wa wavu. Nafasi iliyobaki kwenye timu ni moja. Mmoja ni mrefu, mwingine amefungwa bendeji gotini. Yule mrefu anampigia rafiki yake mpira mara mia. Mwenye bendeji anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Wote wawili wanalia. Hakuna anayemhurumia mwenzake, na hapo ndipo heshima ilipo. Sijawahi kuona upendo wa namna hiyo. Hakika si Garissa.

Kulow, karani wa ukumbi, alitafsiri kwa kipaza sauti. Hajui Kijapani. Ana karatasi moja ya Kiingereza iliyokuja pamoja na mikebe ya filamu, ikiisha, hutunga. Kila kocha alipofoka, Kulow alisema kocha anawaomba wananchi watulie na washirikiane na serikali.

Mkebe wa mwisho haukuwepo. Umepelekwa Wajir kwa makosa. Taa zikawashwa msichana akiwa angali hewani! Nikamwuliza Habibo, aliyekuwa ubavuni mwangu, anadhani iliishaje. Akasema mwenye bendeji aliolewa na goti likapona.

Alikuwa amecheka kila msichana alipoanguka.

Habibo ni rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utoto. Sina mwingine. Baada ya siku kumi na mbili, msafara wa malori ukiondoka, atapelekwa Ijara kwa Nunow, mfanyabiashara wa mifugo aliyemwona mara mbili. Lori la mbele la msafara uliopita lilikanyaga bomu. Jambo hilo halitajwi mbele ya bi harusi.

Lazima abaki. Nimepata njia. Mtu mwenye mechi haondoki.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimeenda kwa Kulow. Mkusanyiko wowote unahitaji kibali, nakala tatu. Kwenye nafasi ya madhumuni niliandika: Afya ya Wanawake na Utulivu wa Wilaya. Kulow alisoma neno utulivu mara mbili, akagonga muhuri.

Masharti: tuchezee uani mwa ukumbi, askari wa mnarani atuone. Tumalize saa kumi na moja. Filimbi hairuhusiwi, filimbi ni za jeshi. Kulow atagonga sufuria. Mpira upo mmoja, wa miguu, una kiraka kama upara wake mwenyewe. Wavu hakuna. Akasema mwalimu kama mimi aliyesoma shule ya bweni hatakosa uzi.

Dharau. Lakini kibali ninacho.

Alhamisi, 6 Oktoba

Wavu umepatikana! Nieleze, ingawa hakuna atakayesoma.

Kila alasiri wanawake tunakaa kwa Maka, mamake Habibo, tunasokota kamba za nyumba ya bi harusi. Nyumba ya miti ya kupinda na mikeka, mali ya mwanamke mwenyewe, inayobebwa aendako. Bila kamba haifungwi, wala haipakiwi. Tunatafuna magome ya mshita mpaka yalainike, kisha tunasokota. Natafuna tangu Agosti. Taya langu linalia kak! kila nikisalimia. Darasa la tatu wameanza kuniigiza.

Fungu langu ni kamba ndefu, zenye uzi mwekundu ndani yake. Nimemaliza kumi na tisa. Zimo guniani, chumbani kwangu. Hakuna atakayeziulizia mpaka siku ya kupakia. Na siku ya kupakia haitafika, maana Habibo atakuwa na mechi.

Nikazilowesha vizuri ili mafundo yashike. Nikafunga siku nzima. Mafundo mia mbili na kumi. Zimekauka juani zikawa ngumu kama mifupa. Wavu wa ajabu. Kiwanda cha Wajapani kingeniajiri.

Jumamosi, 8 Oktoba

Zoezi la kwanza. Wanawake wanane. Nimejichagua nahodha.

Askari wa mnarani aliteremka kuuliza kwa nini tunainua mikono yote miwili. Nikamweleza kanuni. Akauliza kama tunajisalimisha. Nikasema bado.

Habibo ni hodari kupindukia. Alijifunga nguo kiunoni na hakuna mpira uliompita. Nilifurahi kwa dakika tano. Kisha nikakumbuka kwamba nahodha ni mimi.

Nikatangaza mapigo mia, kama kwenye filamu. Nimpigie, arudishe, bila huruma. La ishirini na tatu lilirudi likanipiga mdomoni, kwenye taya lile lile. Nikakaa chini. Wote wakacheka. Habibo akanishika kidevu, akasema abaayo, dada yangu, filamu yako inauma. Kisha akaenda kupigiana na Rukiyo.

Rukiyo ni mfunga vidonda wa hospitali. Mrefu kama nguzo ya simu, na mazungumzo yake ni ya nguzo. Habibo alimsifu mara tatu. Nilihesabu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimelianzisha, mbele ya kamba na wanawake wote. Nilisema Alhamisi tutacheza, timu yangu na ya Habibo. Nikishinda mimi, harusi ingoje mpaka mvua zipite.

Kutafuna kukakoma.

Nilitegemea Maka anifukuze. Mbuzi wake walichukuliwa na askari mwezi uliopita, wamebaki saba, na tangu hapo hajacheka. Leo alitema gome, akacheka mpaka akashika mbavu. Akawaambia wanawake washuhudie: mwalimu akishinda, binti atangoja, na Nunow ataambiwa barabara ni mbaya, jambo ambalo wala si uongo. Habibo akishinda, atapanda lori la Jumamosi, na mwalimu mdomo wake autumie kutafuna tu.

Habibo alinitazama muda mrefu. Akasema amekubali.

Njiani akaniuliza kama kweli ninaweza kupiga mpira. Nikamwambia asinitukane. Akasema Timiro, wewe kofi la mbu linakushinda. Nikamwapisha palepale: acheze kwa nguvu zote, bila kunihurumia, kama wale wa kiwandani. Akasema wale ni picha, yeye ni mtu, na barabara ya Ijara ni barabara. Sikukubali. Mwishowe akaapa, wallahi, atafanya kila awezalo.

Sikuuliza kila awezalo kwa ajili ya nini. Ilikuwa dhahiri.

Alhamisi, 13 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Watu wengi. Mistari tuliichora kwa majivu. Maka alifika mapema, akaushika wavu, akauona uzi mwekundu. Nilijua nimekwisha. Akanitazama, akautazama tena wavu, akaenda kukaa kivulini. Sijui kwa nini alinisamehe. Pengine ulimpendeza.

Wanne kwa wanne. Habibo akamchukua Rukiyo. Sawa.

Habibo alicheza vibaya. Siamini macho yangu. Mkono uliorudisha kila kitu Jumamosi leo uliukosa mpira wa kitoto. Alijikwaa penye uwanja mtupu. Mara mbili aligongana na Rukiyo, na kila mara ni yeye aliyemfuata Rukiyo. Woga wa bi harusi, nikawaza. Nilimpigia kelele kutoka upande wangu: Inuka! Kumbuka bendeji! Alinitupia jicho ambalo sijawahi kutupiwa na mtu.

Pointi zao zote zilitoka kwa Rukiyo. Yeye hajui filamu wala kiapo, anajua kuwa mrefu tu.

Tulifika kumi na nne kwangu, kumi na tatu kwao. Moja imebaki kufika kumi na tano! Nikapiga. Mpira ulikwenda kwa Habibo polepole, laini, kama mtu anayeletewa chai. Akautazama unavyoshuka. Akaupiga kwa nguvu zake zote kupita vichwa vyetu, mpaka kwenye mstari wa nyuma. Vumbi na majivu. Kulow akagonga sufuria: nje! Mwalimu ameshinda!

Vigelegele. Wa kwanza kupiga alikuwa Maka, jambo la ajabu. Habibo alikuwa amekaa chini anacheka, machozi yanamtoka, amenifungulia mikono.

Nami nilikuwa naelekea kwake. Naapa nilikuwa naelekea. Lakini njiani niliuona mstari. Alama ya mpira ilikuwa ndani. Shubiri moja ndani.

Nikasimama. Nikamwona yule mwenye bendeji. Angefanya nini? Angechukua ushindi wa uongo kutoka kwa rafiki yake?

Nikatangaza kwamba mpira umeanguka ndani, pointi ni ya Habibo.

Kulow akasema sufuria imeshagongwa, haigonguliwi. Nikamsomea kanuni. Mwenzangu mmoja akanivuta nguo. Nikaomba ushahidi wa askari wa mnarani, ambaye alisema ndani, nadhani ili mchezo uendelee. Kumi na nne kwa kumi na nne, na kwa kanuni sasa mshindi lazima azidi kwa mbili.

Habibo akasimama. Akaja kwenye wavu akaniambia taratibu, kwa Kisomali, ninyamaze. Nikamwambia nafanya hivi kwa ajili ya heshima yake. Akasema heshima yake haikuwa imeniomba kitu.

Baada ya hapo hakuinua mikono tena, wala kwa kupiga wala kwa kukosa. Alisimama tu. Rukiyo akapiga mbili mfululizo. Kumi na sita kwa kumi na nne. Vigelegele havikupigwa. Maka akainuka, akaniambia nimletee kamba zake.

Sijawahi kujivunia tendo langu kama leo. Sina wa kumweleza. Ambaye ningemweleza hasemi nami.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mafundo hayakufunguka. Kamba za magome zikifungwa mbichi, zikikauka hazimsikii mtu. Nilijua. Kila msichana hapa anajua. Nilijaribu kwa vidole, kwa msumari, kwa meno. Kak! Maka akasema niache, upakiwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo nyumba ya bi harusi imeondoka Garissa ikiwa imefungwa kwa wavu wa mpira. Miti, mikeka, vibuyu vya maziwa, vyote ndani ya wavu, kama goli kubwa. Wanaume wa msafara walicheka. Askari aliyekuwa akihesabu abiria akauliza huyu ni samaki gani.

Habibo alikaa juu ya mizigo, uso amefunika. Hakunipa mkono. Nadhani ni kwa sababu ya hina. Hina ilikuwa imekauka, lakini nadhani ni hiyo.

Lilikuwa lori la pili kutoka mbele. Nilimpigia kelele kwamba mechi ya marudiano anachagua uwanja yeye. Injini zilikuwa zimeshawaka.

Nilisimama mpaka lango la seng'enge likafungwa. Rukiyo alikuwa amesimama kando yangu. Hakusema lolote. Sasa nauona uzuri wake.

Jumatano, 26 Oktoba

Siku kumi na moja bila habari. Maka hatafuni, haongei. Mimi nimepoteza hamu ya chai.

Asubuhi Kulow aliniita: mkebe wa Wajir umefika! Nilikimbia. Akanifungia mablanketi madirishani, nikakaa peke yangu katikati ya viti mia. Ilikuwa filamu ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Niliitazama mpaka mwisho, isije wasichana wakatokea nami nimeshaondoka.

Alasiri msafara ukarudi. Wote walifika salama. Wote! Maka alikaa chini penye vumbi akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilishika nguzo ya lango.

Dereva akanitafuta. Alikuwa na kipande cha kamba yenye uzi mwekundu, fundo moja katikati, halijafunguka. Akasema huu ni mzigo kutoka kwa mke wa Nunow, pamoja na maneno machache. Nikamwambia ayaseme yote, asipunguze. Akasema hayapunguziki. Habibo amesema: mwambie Timiro mpira ulitoka nje.

Ni hayo tu? Ni hayo tu.

Nje! Baada ya yote! Niliuona kwa macho yangu! Askari aliuona! Nilirudi ukumbini kupima, nikakuta mvua ya Jumapili imefuta majivu yote. Lakini mahali pale nilikuwa nimepawekea jiwe.

Nimemwandikia barua papo hapo. Nimechora uwanja, mstari, alama, mahali aliposimama yeye, mahali aliposimama Kulow, na mnara. Nimeeleza kwa nini macho ya mtu aliyekaa chini hayawezi kuaminika. Nimependekeza marudiano baada ya mvua, na nimeomba kibali cha safari, nakala tatu. Kulow amesema mechi si sababu ya kwenda Ijara. Kesho nitabadilisha madhumuni. Pia nimemwambia Rukiyo ajiandae kwa mapigo mia.

Barua zinasomwa ofisini, hivyo tunaruhusiwa karatasi moja tu. Yangu imejaa mbele na nyuma. Nilipofika mwisho niligundua sijamsalimia, wala sijamwuliza nyumba imesimamaje kwa wavu ule, wala kama analala vizuri. Nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni, finyu, ya maneno matatu.

Nikaandika: Ndani. Shubiri nzima.