Kamati ya Kupima Utulivu wa Mrushaji

Chuo Kikuu cha Coldwater Bend, Alabama, kiliutangazia ulimwengu kwa fahari kubwa kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Kutathmini Mkono, Miguu na Utulivu wa Mrushaji Chini ya Shinikizo. Ulimwengu haukuwa umeuliza.

Mwenyekiti alikuwa Dakta Whitlow Crandall, Mkurugenzi wa Michezo, mtu ambaye tai yake ilikuwa na rangi za timu, na soksi vilevile. Jukumu lilikuwa nyeti. Katika mpira wa Kimarekani, mrushaji ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua umwendee nani, huku majitu yenye uzito wa friji iliyojaa nyama yakimjia mbio kumlaza chini. Nafasi ni moja. Wagombea walikuwa wawili, na Dakta Crandall alikwishajua nani ataipata. Kilichobaki ni sayansi ikubaliane naye.

Wa kwanza alikuwa Preston, mpwa wa mzee Boyd Stegall, muuza matrekta aliyeijengea timu chumba cha kuvalia chenye viti vya ngozi na kinyozi wa kudumu. Kwa shukrani, mzee Boyd aliteuliwa mjumbe wa heshima wa kamati. Wa pili alikuwa Delmar Hutto, mtoto wa fundi bomba, ambaye hakuwa na mjomba yeyote wa maana.

Tathmini ya mkono ilikwenda vizuri. Preston alirusha kiwiko kikiwa juu, kiuno kikigeuka kwa adabu, vidole vikimalizia kama bibi harusi anayeaga. Mpira ulizunguka hewani kwa uzuri uliowafanya wajumbe wapige makofi. Ukatua ndani ya ndoo ya maji ya kunywa.

Delmar alirusha kiwiko kikiwa chini, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo dirishani. Mpira ukapepesuka kama bata mlevi, ukatua kifuani mwa aliyekusudiwa.

"Umefika," akasema kocha Tibbs.

"Umefika vibaya," Dakta Crandall akamsahihisha. "Kamati haitathmini kufika, kocha. Inatathmini mwenendo."

"Na ule wa ndoo, bwana mkurugenzi?"

"Ndoo haikuwa makini."

Ikaja tathmini ya shinikizo. Hapa palikuwa na ugumu wa kitaalamu: mazoezini mrushaji huvaa jezi nyekundu, na aliyevaa jezi nyekundu haguswi. Ni mwiko. Kwa hiyo kamati ilitakiwa kumshinikiza mtu bila kumgusa, kazi ambayo Dakta Crandall aliizoea, kwa kuwa aliwahi kuongoza idara ya rasilimali watu.

Vikaletwa vipaza sauti, vikanguruma kelele za mashabiki wa wapinzani. Delmar alitafuna bazoka, akarusha, mpira ukafika. Akaletwa mhadhiri wa takwimu amsomee kwa sauti alama zake za mtihani. Delmar alisema, "Samahani, mwalimu, sogea kidogo," akarusha, ukafika. Preston naye aliangusha mpira pale mjumbe mmoja alipofungua pakiti ya krispi.

Dakta Crandall alitafakari matokeo haya kwa uadilifu wake wote. Preston alikuwa amelihisi shinikizo kikamilifu. Delmar hakulihisi, na ambaye hakulihisi hakupimwa, na ambaye hakupimwa hawezi kufaulu.

"Kwa hiyo ningetetemeka ningepita?" Delmar aliuliza.

"Ungeonyesha ushirikiano, kijana."

"Huu ni mwaka wangu wa mwisho, bwana mkurugenzi. Nikikaa benchi tena, ndiyo basi, narudi kuzibua vyoo na baba. Nivueni hii jezi, waje wanigonge kweli, mnipime."

"Kampuni ya bima haitaki."

"Basi bima ndiyo icheze."

Kauli hiyo ilitafsiriwa kuwa utovu wa nidhamu.

Ikafika mechi ya majira ya kuchipua, ile timu inapojigawa na kucheza yenyewe kwa yenyewe. Mji mzima ulikuja na mbavu za nguruwe za kuchoma. Dakta Crandall alisimama pembeni ya uwanja na maikrofoni, akamtangaza Preston kuwa mrushaji wa kwanza, kwa mujibu wa sayansi.

Preston akapokea mpira. Jitu moja likakohoa mbele yake. Mpira ukatoka kwa kiwiko cha kupendeza, ukazama ndani ya tarumbeta kubwa la bendi. Mpira wa pili akamrushia mpinzani, kifuani kabisa, bila chenga. Kisha akavua helmeti, akamfuata mkurugenzi.

"Mimi basi, bwana. Mjomba nilimwambia tangu Krismasi, nataka kusomea udaktari wa ng'ombe. Huyo Delmar ndiye anaiweza hii kazi. Mpeni."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Uwanja ukaitikia kwa sauti moja: "Del-mar! Del-mar!" Juu, kwenye chumba cha vioo, mzee Boyd alikuwa akitikisa kidole taratibu: hapana.

Dakta Crandall alipiga hesabu. Akimtaja Delmar, matrekta yanaondoka. Akimtaja Preston, zile mbavu zitarushwa, na watu wa Coldwater Bend wana shabaha.

"Nafasi ya mrushaji," alitamka, "kuanzia sasa itashikiliwa na... Kamati."

Kocha Tibbs hakuwahi kupokea agizo lililomfurahisha hivyo. "Mmesikia! Leteni helmeti! Na mjumbe wa heshima, mzee Boyd, shuka tafadhali!"

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Nusu ya waliokuwa wakishangilia walikuwa wateja wake wa matrekta. Mzee Boyd akashuka.

"Kaka Del," liliuliza jitu moja, Jarvoris Meeks, likinyoosha shingo, "hawa tunawagusa au vipi?"

"Muulize mwenyekiti."

"Bila kugusa!" Dakta Crandall alilia ndani ya maikrofoni. "Bila kugusa, jamani!"

Mpira ukaletwa kwa mzee Boyd. Mzee Boyd akamrushia mwenyekiti papo hapo. Mwenyekiti akamrudishia. Mpira ukaanguka katikati yao, na wote wawili wakatimka, mmoja akielekea maegesho ya magari, mwingine akielekea popote. Majitu hayakuwa yamesogea hata hatua moja.

"Tathmini yako?" kocha Tibbs alimuuliza Delmar.

"Kiwiko cha mwenyekiti kizuri sana, kocha," Delmar akasema, akifunga helmeti na kwenda kuuokota mpira. "Tatizo ni mwenye kiwiko."