Toleo Jipya kwenye Kompyuta ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimempiku Polepole! Ndiye anayetunza kompyuta za maabara, cheo kilichokuwa haki yangu. Siku zote anasema ile maktaba ya hesabu, yaani mkusanyiko wa fomula tunazoziita kwenye lugha ya programu ya Python, isipandishwe toleo bila majaribio. Majaribio! Alipokwenda kula nikaipandisha mwenyewe. Nilianza na kompyuta ya shemeji, mdogo wa mke wangu ninayefanya naye kazi hapa maabara, aone kwamba dada yake hakuolewa na bwege.

Jumanne, 4 Machi
Programu za shemeji zimegoma. Zote! Kumbe toleo jipya limehamisha fomula: zile zilizokuwa zikiitwa moja kwa moja sasa zina anwani nyingine, na baadhi zimefutwa kabisa. Kaniuliza kama najua lolote. Nikasema labda umeme. Alhamisi anawasilisha vipimo vyake vya maji ya mto. Wakubwa wakiridhika, mkataba wake unaongezwa.

Jumatano, 5 Machi
Njia halali ni kurekebisha mstari mmoja mmoja. Kazi ya punda! Nikaandika faili fupi la majina ya zamani, kila jina likielekeza kwenye anwani mpya. Nikalipa jina lilelile la maktaba. Kosa! Python ikakutana na faili langu kwanza, ikadhani ndiyo maktaba yenyewe. Sasa hata fomula zilizokuwa nzima zimekufa. Polepole kauliza mbona natoka jasho. Mficha uchi hazai, najua. Nikasema nina homa.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kasimama mbele ya wakubwa bila grafu hata moja. Kasema kosa ni lake, hakujiandaa. Lake! Nami nimekaa nyuma natazama viatu vyangu. Mkataba wamekataa kuuongeza. Najuta, jamani. Nilikwenda kukiri kwa Polepole. Akafuta faili langu, akarudisha toleo la zamani, na chai yake haikuwahi kupoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwomba shemeji msamaha. Hakufoka, bora angefoka. Kasema wakubwa wamekubali kumsikiliza tena Jumatatu, na programu zinafanya kazi, kwa hiyo ana ombi moja tu: shem, tafadhali, usiguse kitu. Nikaapa. Nikaenda kulia chooni. Lakini deni kama hili halilipwi kwa maneno. Wote walipoondoka nikaanza kuziandika upya programu zake kwa lugha nyingine, isiyohitaji maktaba yoyote. Lugha yenyewe bado najifunza. Za zamani nimezifuta, zisije zikamchanganya.