Uani Kwangu Hakufagiwi

Jumanne, 8 Machi 1988. Mabawa.

Kata imetangaza mashindano ya ua bora wa kutunza mazingira. Zawadi: mabati kumi. Mapya! Nimelisoma tangazo mara tatu, kisha nikasimama mbele yake ili jirani yangu Hatibu asilione. Akaliona. Ana shingo ndefu yule mtu, imerefuka kwa miaka thelathini ya kuchungulia treni za watu pale stesheni.

Mabati nayahitaji mimi, si yeye. Asmahani, binti yangu wa pekee, anaolewa Ijumaa ya tarehe 25, na chumba cha fungate kinavuja. Masika hayo yanakuja. Siwezi kumweka mkwe siku saba chini ya paa linalomdondokea puani. Waamuzi watapita tarehe 22. Ushindi ni wangu, kilichobaki ni ua tu.

Jumatano, 9 Machi

Bwana miti wa kata amenipa kijikaratasi. Kinasema ardhi iliyo tupu inakufa kwa jua, hivyo ifunikwe matandazo, yaani majani na makapi, na isifagiwe ovyo. Nikamsomea mke wangu Mwatumu. Akasema anafagia ua huu kila alfajiri tangu mwaka sitini na tatu, mama yake alifagia wake, na mwanamke ambaye ua wake una majani ama ni mgonjwa ama ni maiti. Akaniuliza ningependa awe yupi. Nikamjibu kitaalamu. Akaendelea kufagia.

Akaongeza kwamba uani ni kwa wanawake, mwanamume hupita tu akienda chooni. Ushamba! Nimeyaficha mafagio yote mawili ya chelewa juu ya kabati.

Alhamisi, 10 Machi

Mwatumu ameazima fagio kwa mke wa Hatibu. Usaliti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ijumaa, 11 Machi

Wazo! Limenijia katikati ya hotuba ya Ijumaa, Mungu anisamehe. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa shamba la mkonge. Kila siku mashine ilikamua nyuzi na kutema milima ya makapi ya kijani, yakitupwa bure. Hayo ndiyo matandazo! Nimemtafuta Luka, dereva wa trekta, Mbondei wa Muheza, nikamwomba tela moja. Akaniuliza kama nayajua vizuri makapi yale. Akarudia mara tatu. Nikamwambia nilikuwa nikiandika tani zake kitabuni kabla yeye hajaachishwa ziwa. Kweli tupu. Sikumwambia kwamba sijawahi kuyagusa.

Jumamosi, 12 Machi

Tela limefika. Makapi mabichi, yanachuruzika maji. Hatibu akatokeza shingo juu ya ukuta akauliza nani amefariki. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Nimetandaza ua mzima, unene wa shubiri, kwa jembe na viatu vya mpira. Nzi wamekuja kwa wingi. Nao ni mazingira.

Mwatumu aliniuliza: Jumatano wanakuja wanawake wa upande wa bwana harusi kuchagua mchele wa harusi, watakaa wapi? Nikamjibu watatandikiwa mikeka juu ya matandazo, laini kama godoro. Akanitazama kama anavyomtazama samaki wa juzi.

Jumatatu, 14 Machi

Harufu imepungua. Au pua imezoea. Kwa vyovyote, maendeleo.

Jumatano, 16 Machi

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Walikuja wanawake kumi na wanne kutoka Pongwe, mbele yao Bi Mboni, shangazi yake bwana harusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya mwadhini. Wakakaa mikekani, nyungo mapajani, vigelegele, nyimbo. Mimi nilikuwa sebuleni, mlango nimeuacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Nyimbo zilikuwa nzuri. Moja ilinisema mimi.

Kisha sauti zikaanza kupungua. Mmoja akajikuna kifundo cha mguu. Wa pili akajikuna paja. Nikaona ungo mmoja umeanguka, kisha wa pili, kisha wanawake kumi na wanne wamesimama wanacheza ngoma isiyo na mpigaji. Maji ya mkonge yalikuwa yamepenya mikeka! Mchele wote chini. Bi Mboni akapaza sauti kwa neno moja tu: "Upupu!"

Hakuna mtu wa pwani asiyejua maana yake. Upupu hauji harusini kwa bahati mbaya. Upupu huwekwa, na anayeuweka hakutakii mema. Wakaondoka wote, wakijikuna mpaka barabarani, na mtaa mzima wa Mabawa umetoka milangoni kuwatazama.

Alhamisi, 17 Machi

Mjumbe wa Bi Mboni amekuja. Kijana wao haingii nyumba inayowatega wageni upupu. Hakuna ndoa mpaka ajulikane aliyeuweka.

Nilikuwa na njia mbili, kukiri au kunyamaza. Nikachagua ya tatu. Nikamwambia mjumbe kwamba jirani yetu Hatibu anapenda sana kupanda mimea, na Mungu ndiye ajuaye mimea gani. Sikumsema vibaya. Nilimtaja tu.

Asmahani hajala tangu jana. Amejifungia chumbani analia. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kumchekesha, nami sikosi neno, lakini leo nilikosa. Nimeona aibu. Naiandika hapa ili siku moja isisemwe kwamba sikuwahi kuiona.

Ijumaa, 18 Machi

Hatibu amenisalimia vizuri msikitini. Maana yake hajasikia. Baada ya swala akanishika mkono akasema amesikia. Nikaanza kukohoa. Hakugomba. Aliniuliza tu kama bado nayataka yale makapi, maana amechimba shimo kwake na anaweza kunipunguzia mzigo.

Hila hiyo! Lakini nikafikiri: naye awashwe kidogo. Nikamwachia. Ameyasukuma mwenyewe kwa toroli mpaka Magharibi, amevaa suruali ndefu na soksi. Nimebakiza rundo moja pembeni mwa jiko, kwa ajili ya waamuzi.

Jumamosi, 19 Machi

Mwatumu amevaa baibui asubuhi akatangaza kwamba anakwenda Pongwe kumwambia Bi Mboni ukweli, na kwamba mimi natangulia mbele. Nikamwambia magoti yananiuma. Akasema magoti ndiyo yatakayokuwa ya mwisho kuniuma leo.

Nilimwamkia Bi Mboni shikamoo, ingawa tunalingana umri. Nikaeleza habari ya ardhi tupu, jua, matandazo. Akasema maneno ya karani hayamtoshi, kesho atakuja kuona kwa macho yake.

Jumapili, 20 Machi

Amekuja. Akaonyeshwa lile rundo nililobakiza. Akaagiza kahawa na kashata, akaketi juu ya kiti, kisha akatoa hukumu: nivae msuli mtupu na kukaa juu ya rundo mpaka amalize kikombe chake. Nikiwashwa, basi kweli ni mkonge na ni ujinga tu. Nisipowashwa, basi upupu ulikuwa mikekani na nyumba hii ni ya wachawi.

Nikakaa. Kahawa ilikuwa ya moto. Akaipuliza. Akala kashata. Akaipuliza tena. Akamuuliza Mwatumu habari za ndugu zake wote, mmoja mmoja. Mimi nilianza na goti la kushoto, nikapanda, nikashuka, nikazunguka. Nilijikuna mahali ambapo mtu mzima hajikuni mbele ya wakwe. Hatibu alitokeza shingo ukutani, akairudisha. Hilo namshukuru.

Ndipo nikasikia kicheko dirishani. Asmahani! Siku nne sijakisikia. Bi Mboni akakiweka kikombe chini, kitupu, akasema inatosha. Nikakaa kidogo zaidi.

Kisha nikakimbilia bafuni. Nilipotoka, mke wa Hatibu alikuwa ameshaleta mafuta ya nazi. Bi Mboni alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Akasema ndoa ni Ijumaa kama ilivyopangwa. Mlangoni akamwambia Mwatumu, wala hakushusha sauti, kwamba mumewe ni bure kabisa, ila ana mwana, na kwa ajili ya mwana hukaa hata juu ya mkonge.

Jumanne, 22 Machi

Waamuzi! Nimevaa koti langu jipya la mtumba. Nikafungua mlango wa uani na kukuta mchanga mweupe, umefagiwa mistari mistari, hata jani moja hakuna, wala lile rundo. Mwatumu alikuwa ameamka kabla ya adhana. Waamuzi wakaandika neno moja. Lilikuwa fupi.

Wakaenda kwa Hatibu. Nikachungulia. Shimo limejaa makapi yangu, yamechanganywa na majivu ya jikoni na samadi, yamefunikwa udongo, na pembeni migomba mitatu michanga. Bwana miti akashangilia. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa: makapi ya mkonge yaozeshwe kwanza miezi kadhaa shimoni, ndipo yawe mboji. Kijikaratasi kilisema hivyo nyuma. Nani anasoma nyuma ya karatasi?

Mabati kumi, Hatibu. Kwa makapi yangu!

Ijumaa, 25 Machi

Ndoa imefungwa, alhamdulillahi. Pilau limepikwa kwa Hatibu, maana jiko letu lilikuwa dogo. Asmahani alinibusu mkono. Nililia. Wengine walidhani ni moshi, nami sikuwasahihisha.

Mvua imeanza baada ya swala ya Isha. Chumba cha fungate hakivuji. Jana Hatibu alikuja na nyundo na mabati yake manne, akapanda juu akayapigilia, akasema ni zawadi ya bi harusi. Nimeyakagua yote nikitafuta tundu. Hakuna hata moja. Mtu huyu ananitafuta nini?

Hata hivyo nimejifunza. Nimekosea mali ghafi, si wazo. Luka alikuja harusini, akanieleza habari za mzee mmoja wa Pongwe anayefuga nyuki. Nyuki! Wanachavusha maua, wanatoa asali, wanatunza mazingira, na hakuna mke anayeweza kuwafagia. Mwakani mabati ni yangu. Mzinga unaletwa kesho, pamoja na nyuki wake. Mahali nimeshapata: chini ya dirisha la chumba cha fungate, penye kivuli, ambapo kwa siku saba hakuna atakayewasumbua. Mwatumu sijamwambia. Nyuki hawanuki, wala hawawashi.