Kidevu cha Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Suna.

Lynnet ameondoka! Amechukua sanduku, watoto na sufuria kubwa, akaenda kwao Magunga. Kisa? Maziwa. Mashindano ya video kule Kisumu yanataka picha mashuhuri zilizochorwa na Wazungu wa kale ziigizwe na watu wa kwetu. Kamera ninayo. Kitabu cha hizo picha ninacho. Nikamsimamisha mke wangu dirishani amimine maziwa polepole, kama yule mwanamke wa ukurasa wa kwanza. Alimimina asubuhi nzima. Watoto wakanywa strungi, chai isiyo na maziwa. Sikulalamika hata kidogo, nilisema tu kwamba mkono wa Roseline, jirani yetu mwenye hoteli, ungefaa zaidi. Nikamwita Roseline. Basi! Watu wengine hawaelewi sanaa.

Nimeosha vyombo mwenyewe. Nyumba imenyamaza vibaya.

Jumatatu, 5 Agosti.

Nimetoka Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Picha ya wanawake watatu walioinama kuokota mabaki ya mavuno. Nilitaka kumtangulia Gordon, yule mpiga video wa Homa Bay anayeniiga kila kitu. Nasikia ameshapiga ile ya chakula cha mwisho cha Yesu na mitume wake kumi na wawili, akatumia kwaya nzima na kanzu zao. Kwaya! Mwizi wa mawazo yule.

Waliojitolea walikuwa wengi. Nikawaambia wasimame tuli. Wote wakainamisha vichwa, mikono mbele, macho chini. Hapana jamani, okoteni! Wakaokota kwa huzuni. Dereva wa lori la miwa akasimamisha gari, akashuka, akavua kofia, akauliza marehemu ni nani. Mama mmoja akaanza kulia kabisa. Huku kwetu kamera huja kwa harusi na mazishi, na harusini nani husimama tuli?

Nimewaza jambo hili njia nzima. Miaka yote hii napiga video za matanga, na sijawahi kumpiga mtu ameketi tu, mzima, hana analofanya.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimepata mpango! Kitabuni kuna mama mzee ameketi kitini, ametugeuzia ubavu, nguo nyeusi, kitambaa cheupe kichwani, hatazami mtu. Nani huyo kama si Bathsheba, mama yake Lynnet? Kwetu Wajaluo, mtu na maro wake, mama mkwe, hawaangaliani. Hawagusani. Hawali pamoja. Tangu nimwoe Lynnet, ninachojua cha mama yule ni viatu vyake. Basi nitaenda Magunga kumwomba mke wangu radhi, na nikiwa huko huko nitampiga mama picha. Safari moja, kazi mbili.

Alhamisi, 8 Agosti. Magunga.

Nilipokewa vizuri kuliko nilivyostahili. Cephas, shemeji yangu, alikuwa akipeleka maneno kati yangu na mama. Nikaomba radhi. Nililia. Machozi ya kweli, na naandika hapa kwa sababu hakuna atakayeniamini. Lynnet akaingia ndani kufunga sanduku turudi nyumbani. Mama naye akakubali picha, mradi asinitazame. Hasa! Akaketi mlangoni, amenigeuzia ubavu, mikono mapajani.

Nikaangalia ndani ya kamera. Sijui niandikeje. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama aliyenizalia mke. Mashavu ya Lynnet. Kidevu cha Lynnet, kile anachokiinua akikasirika. Wala sikuvunja adabu, maana iliyokuwa ikitazama ni kamera. Ningekaa pale mpaka betri ife.

Lakini kitabuni kidevu kiko juu kidogo. Kidogo tu! Nikamwendea, nikakiinua kwa vidole viwili.

Cephas akaangusha kikombe. Shangazi mmoja akapiga yowe, yawa, yawa, huyu anatuletea chira, laana gani hii! Kumgusa maro! Usoni! Lynnet akatoka na sanduku mkononi, akaniangalia, akarudi nalo ndani. Nilimsikia akilifungua.

Ijumaa, 9 Agosti. Suna.

Cephas amekuja na uamuzi wa wazee. Jumapili nipeleke mbuzi, wakwe wamle, chira iondoke. Nikifika na mbuzi tu, Lynnet atarudi nami. Nikifika na kamera, nisahau kwamba niliwahi kuoa. Nikaapa mbele yake.

Cephas alikuwa ameshafika nje, akarudi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama ameuliza kama ametokea vizuri.

Nimeiangalia kanda. Ameketi. Mkono wangu unaingia, mkubwa, mjinga. Mama anageuka, ananitazama. Hana hasira. Ameshangaa, kama mtu ambaye hajaguswa uso tangu mumewe afe. Nimeirudisha nyuma tena na tena. Nimeona aibu sana. Natamani Lynnet angekuwa hapa akaona. Kamera nimeiweka juu ya kabati na hapo itakaa. Mimi ni mume wa mtu, mambo ya sanaa basi.

Jumamosi, 10 Agosti.

Mbuzi amepatikana. Mweupe, mtulivu. Kamera iko juu ya kabati.

Nimewaza tu. Cephas amesema wakwe watakaokula kesho ni kumi na wawili. Ukimweka mama, kumi na watatu! Gordon ana kwaya na kanzu, sawa, lakini mezani pake kulikuwa na mbuzi wa kweli? Kulikuwa na uso kama wa mama pale katikati? Wapi! Tena mila hainiruhusu kula naye, kwa hiyo mikono yangu itakaa bure. Na safari hii sitamgusa mtu.

Kamera inaingia vizuri kwenye gunia la sukari ninayowapelekea. Nimejaribu. Cephas nitamwambia aweke viti vyote upande mmoja wa meza, kama kitabuni. Lynnet akiuliza sababu, nitasema ni jua.