Maswali ya Marehemu Ogilvie

Jumatano, 24 Julai
Mtihani wa uwakili ni wiki ijayo. Nimeshafeli mara mbili, zote kwa insha. Mjomba Walt kaapa nikianguka tena, meza yangu ofisini anapewa Haas. Haas! Mtu anayepiga pasi soksi!

Bi Pruitt, anayenisahihishia, kanirudishia insha imejaa wino mwekundu. Eti natoa hukumu kabla ya kusoma kisa. Eti kila jambo kwenye swali limewekwa kwa sababu. Porojo. Wasahihishaji wamechoka, wanataka jibu tu.

Ijumaa, 26 Julai
Bahati hiyo! Mjane Ogilvie alikuwa anauza vitu vya mumewe uani. Nimepata boksi zima la maswali ya mazoezi. Marehemu aliyasoma mpaka akafa, mtihani hakufaulu. Mjane alinisihi nisiyafungue nikiwa peke yangu. Nikampa pole, nikabeba.

Swali la kwanza: mtu anayekaa juu ya duka la donati, hapa Buffalo, anamkuta paka wa jirani ndani ya oveni yake. Nilicheka. Hata mimi nakaa juu ya duka la donati. Mara nikasikia oveni inalia nyau.

Nimejibu: kosa ni la paka. Mstari mmoja.

Jumamosi, 27 Julai
Swali la pili: mshindani wa mtu yuleyule, mpiga pasi soksi, anateguka mguu kwenye ngazi za maktaba. Mchana Haas kanipigia simu analia. Mguu. Ngazi za maktaba. Nikaogopa kweli kweli.

Halafu akili ikanirudia. Boksi linajua ya mbele! Basi na mtihani linaujua. Nisome ya nini?

Jumatatu, 29 Julai
Karatasi zote zilizobaki zimegeuka nyeupe, isipokuwa moja. Hiyo nikampelekea Bi Pruitt, nimringishie. Alisoma, akanirudishia karatasi.

"Mwanangu," akasema, "kisome kisa hiki mpaka mwisho. Mara moja tu, nakuomba."

Nikamwambia nimeshasoma juu juu, inatosha. Wivu huo.

Jumanne, 30 Julai
Swali la ile karatasi limetoka! Neno kwa neno! Mtahiniwa, mara yake ya tatu. Jikoni kwake kunanuka gesi. Mwalimu wake kamsihi, hasikii. Anatoka kwenye mtihani kabla ya wenzake, anarudi nyumbani, anawasha jiko. Nani alaumiwe kwa kifo chake?

Kwangu pia kunanuka tangu juzi, ila hayo ni mafuta ya donati.

Nimejibu: marehemu mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa. Basi, nikakabidhi.

Naandika haya nje ya ukumbi. Wenzangu wote bado wameinamisha vichwa, Haas na bandeji yake akiwemo. Watajiju. Mimi njaa inaniuma, nakwenda nyumbani kukaanga mayai.