Ng'ombe Arobaini kwa Fleti ya Mikocheni

Jumatatu, 14 Julai
Doreen wangu, mpimaji wa maabara hospitalini, amehamishiwa Dar! Tunafunga ndoa tarehe 26, kesho yake tunahama. Aliniomba nitafute chumba chenye choo cha ndani, basi. Chumba? Mimi Vitalis, kinyozi bingwa wa Kilosa? Nikamwambia nimeshapata fleti Mikocheni, ghorofa ya nne, lifti ipo. Akanikumbatia mbele ya wateja. Sasa imebaki kuitafuta.

Jumanne, 15 Julai
Fleti ipo! Innocent, dalali, amenitumia picha. Kodi laki nane kwa mwezi. Mwenye nyumba, Mama Sesilia, anataka mpangaji mwenye kipato mara tatu ya kodi, na karatasi za mshahara za kuthibitisha. Nimepiga hesabu. Kichwa kimoja buku mbili, kwa hiyo ninyoe vichwa elfu moja na mia mbili kila mwezi. Kilosa ina vipara wengi mno.

Jumatano, 16 Julai
Nimeamka na akili mpya. Mfugaji hana karatasi ya mshahara, mali yake inatembea! Nimekwenda kwa mzee Kimaren, njia ya Mikumi. Nikampa shikamoo, nikaomba kupiga picha na ng'ombe wake. Alisema sawa, ila kwanza niwanyoe wanawe wanne. Nimenyoa. Nimepiga picha na shuka jekundu na fimbo. Nimependeza kupita kiasi.

Yoeli, mwenye saluni ya jirani, kapita na pikipiki, akanipiga picha, akaniuliza nimeanza lini kuchunga. Wivu tu.

Ijumaa, 18 Julai
Mama Sesilia kaziona picha. Kasema mwenye ng'ombe arobaini haulizwi karatasi. Kesho anatoka Iringa, atanikuta Mikumi nimpeleke kuwaona. Nimecheza peke yangu saluni, mteja kanyolewa nusu.

Jumamosi, 19 Julai
Siku mbaya. Mzee Kimaren nilimwambia namleta shangazi kutalii. Tulipofika nikaanza kuwahesabu ng'ombe kwa kidole, kwa sauti, mama aone wingi. Nilipofika kumi na mbili mzee akanishika mkono. Kwao ng'ombe hahesabiwi hivyo, ni kama kuwatakia wapungue. Kumbe Mama Sesilia naye amekulia Simanjiro, kwa baba mfugaji! Akaniuliza taratibu, yule ndama mweupe mama yake ni yupi. Nikamwonyesha yule mkubwa, mwenye nundu nzuri.

Lilikuwa dume.

Mzee Kimaren alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wote wakamfuata, nikabaki na fimbo. Mama Sesilia akasema fleti yake haipangishwi kwa mchungaji wa saa moja. Akapanda gari. Hata lifti ya kunirudisha Mikumi sikupewa.

Jumatatu, 21 Julai
Yoeli kaweka picha yangu ya shuka kwenye status. Doreen kaiona, kaja saluni, kauliza, nimesema yote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema hakuwahi kutaka lifti, alitaka mume anayesema kweli. Uongo mmoja zaidi, hakuna ndoa, anakwenda Dar peke yake. Nimelia kweli. Nampenda yule dada kuliko ghorofa zote za Mikocheni. Nimeapa.

Kumbe mwenyewe ameshapata vyumba viwili Mbagala. Mwenye nyumba, mzee Nassir, hataki karatasi yoyote. Anataka kodi ya miezi mitatu tu, nayo tunayo. Kilichobaki ni mimi kumpigia simu nijitambulishe. Raha iliyoje!

Jumatano, 23 Julai
Nimempigia mzee Nassir. Mstaarabu sana. Hakuuliza mshahara, hakuuliza benki. Aliuliza tu nafanya kazi gani.

Nikamwambia daktari wa mifupa.

Sijui ilitokaje. Lakini si uongo hasa, kichwa nacho ni mfupa. Na mzee kafurahi mno, kapunguza kodi papo hapo! Goti linamsumbua mwaka wa sita. Ameshawatangazia wapangaji wote, na Jumapili tukishusha mizigo tu wataanza kupanga foleni.

Doreen hajui bado. Mpenzi wangu atafurahi kusikia kodi imeshuka. Kesho nakwenda kwake kuazima koti jeupe.